Uzito wa Kitanda cha Nyuma

Kiputo cha pimamaji kilikataa kukaa katikati. Harmen alikuwa ameshaweka kabari chini ya gurudumu, ameteremsha miguu ya karavani mpaka jasho likamtoka, akalaza pimamaji sakafuni na kuona kiputo kimetulia kati ya mistari yake. Alipogeuka kuchukua kikombe cha kahawa, kiputo kikaondoka. Kiliteleza polepole kuelekea mbele, na kiputo hukimbilia upande ulio juu. Basi upande wa nyuma, penye kitanda cha mtoto, ulikuwa umedidimia, na ndani hapakuwa na mtu.

“Udongo laini,” alisema Harmen.

Mkewe Geeske, aliyekuwa akipanga sahani chini ya turubai la mlangoni, hakubisha. Katika mkoa wa Drenthe udongo wote ni laini. Binti yao Jildou alikuwa zizini akitazama mbuzi wa mkulima mwenye kambi. Mvua ilianza, kama ilivyotarajiwa, na likizo ikawa imeanza rasmi.

Kuchagua hiyo karavani kuliwala majira yote ya machipuo. Geeske alitaka hema, Harmen akalalamikia mgongo, wakaafikiana: kijumba kidogo cha magurudumu ambacho gari lao lingeweza kukikokota. Katika nchi ambayo mtu huona haya kuonyesha fedha zake lakini haoni haya kuonyesha mapazia ya karavani yake, uamuzi wa namna hiyo haufanywi kwa pupa. Kwa bahati, Harmen alikuwa na dada, Wietske, aliyeishi kusini kabisa karibu na mpaka wa Ubelgiji. Alisema amewahi kuwa na karavani kwa msimu mmoja, akaiuza, na makosa yote anayajua.

Wietske akawa mwalimu wao. Kila Jumamosi walizunguka naye, na kila mahali aliingia wa kwanza na kukandamiza pembe za kuta kwa kidole gumba.

“Bonyeza hapa, wifi. Ukiona panabonyea kama keki, maji yamo ndani ya ukuta. Uzuri wa rangi usikuhadae.”

Ya kwanza ilinuka uyoga. Nyingine ilikuwa nzito, gari lao lingepanda nayo kilima kama kungekuwa na vilima vya kupanda huko kwao, alisema Wietske, lakini kushuka ndiko kungewaua. Nyingine ilikuwa na kitanda kifupi mno kwa Harmen. Wietske alishauri wamkate miguu magotini, au wanunue hema la miguu peke yake. Walicheka sana siku zile. Geeske alimpenda wifi yake kuliko wakati wowote, hasa kwa kuwa alijua anacheka huku nyumbani ana mgonjwa. Mwanawe Douwe alikuwa akikonda tangu mwaka uliotangulia, na hospitali zote zilikuwa zimerudisha majibu mazuri na mtoto aliye hoi.

Ile waliyoichukua waliikuta kwenye banda la vioo lililolimwa nyanya zamani, ambamo sasa wakati wa baridi hulazwa karavani za watu. Ilikuwa ndogo, nyeupe, kavu kila pembe. Haikunuka uyoga. Ilinuka kidogo maziwa yaliyoungua, kitu cha kufungulia dirisha tu. Ajabu, hiyo Wietske hakuingia. Alisimama nje kwenye manyunyu, mikono mfukoni.

“Huji kubonyeza?” Geeske alimwuliza.

“Bonyeza wewe, umeshajua. Hii usiichague kwa maneno yangu. Wewe ndiye mama wa nyumba, sema mwenyewe kwa mdomo wako.”

Harmen alitazama viatu vyake. Geeske, akidhani anaheshimiwa, akasema kwa sauti, “Haya, naichagua hii.”

Wiki ile ile Douwe akaanza kula. Jumapili ya Pentekoste ukoo mzima ulikaa kwa duara na vipande vya keki magotini kumpongeza, na Geeske akalia kwa furaha.

Sasa, kambini, mambo yalijipanga taratibu. Kila asubuhi Harmen aliongeza ubao chini ya miguu ya nyuma, na kila jioni ubao ulikuwa umezama. Springi za kitanda cha Jildou zililia wakati Jildou yuko bafuni. Maziwa yaliungua ilhali jiko halikuwashwa. Mara mbili Geeske, akiosha vyombo, alisikia nyuma yake sauti ya mtu anayemeza, funda baada ya funda, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba kikombe hakitaondolewa.

Jildou alikula. Alimaliza mkate wake wenye chembe za chokoleti na kuomba mwingine. Lakini Geeske alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, kazi yake ni kupima uzito wa watoto wa wenzake, na mikono yake ilikuwa mizani. Alipomnyanyua bintiye kumvusha mfereji, mikono ilipanda juu kuliko alivyokusudia, kama ya mtu aliyenyanyua ndoo akidhani imejaa.

Alimwambia Harmen. Harmen alisema watoto hurefuka wakati wa likizo.

Siku ya mvua kubwa Geeske alimkuta Jildou amekaa kwenye ukingo wa kitanda chake, akigawa karata. Alikuwa amegawa mafungu mawili.

“Unacheza na nani, mwanangu?”

“Na huyu mama wa hapa.” Mtoto hakuinua macho. “Hajui kushinda, lakini hachoki. Anauliza Douwe hajambo.”

Geeske aliona godoro, upande ambao hapakuwa na mtu, limebonyea bonde pana la makalio ya mtu mzima, na alipomvuta mtoto mkono ili watoke, bonde lile lilijaa polepole, likainuka, na sakafu ikaanza kubonyea kwa mlio mdogo, ubao mmoja, halafu ubao wa pili, halafu ule ulio karibu na sinki, hatua za mtu mzito asiye na viatu aliyewasindikiza mpaka mlangoni na kusimama hapo, akipumua maziwa yaliyoungua juu ya shingo ya Geeske, mpaka karavani nzima ikainama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji.

Walilala garini. Asubuhi Jildou alikuwa mwepesi zaidi.

Wietske alipopigiwa simu hakuuliza maswali. Kesho yake alikuwa amefika. Hakusogea karibu. Alisimama kwenye nguzo ya turubai, akazungumza kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza mlangoni pa mgonjwa.

“Ilikuwa yako,” alisema Geeske.

“Ilikuwa yangu.”

“Ukanifundisha kubonyeza kuta.”

“Ilibidi uchague mwenyewe. Kuna mama mmoja kwetu anayefukiza mazizi kuondoa pepo, ndiye aliyeniambia. Huyo aliyemo ndani haachi mtu mpaka nyumba nyingine iichague karavani kwa mdomo wake, bila kulazimishwa. Kuitupa haisaidii, wifi. Tuliiacha bandani, tukasema tumeiuza, na Douwe akazidi kupungua nyumbani, kitandani kwake.”

“Usiniite wifi.”

Wietske alilia bila sauti. Akasema hakuna mama ambaye angefanya vingine, na lililo baya ni kwamba Geeske alijua ni kweli. Kisha, kama anayetua mzigo, akaongeza, “Mwulize kaka yangu. Nilimwambia kila kitu kabla.”

Harmen alikuwa ameshika pimamaji. Alikuwa mhandisi wa pampu za maji, mtu wa kupima.

“Sikuamini, Geeske. Majini, wanawake wa ukungu, hadithi za mabibi. Nilidhani hofu ndiyo inayomtafuna dada yangu, na tukiinunua atatulia. Ningeamini ningekataa.”

“Kwa hiyo ulimtoa mwanangu kwa sababu uliona aliyemwomba anaomba upuuzi.”

Harmen alitazama kiputo. Miaka yote Geeske alikuwa amemsifu mumewe kwa kutoamini upuuzi.

Akavua pete ya ndoa mkono wa kulia, akaiweka juu ya meza ya kukunja, kando ya sufuria. Akamvalisha Jildou viatu vya mvua.

“Nyumba nyingine, amesema dada yako. Kuanzia sasa wewe ni nyumba nyingine. Sikulazimishi.”

Alikuwa ameshafika nusu ya njia ya garini, mtoto mgongoni kama shali, aliposikia mlango wa karavani ukifunguliwa na sauti ya Harmen, iliyozoea kusoma vipimo, ikisema kwa ukavu ule ule, “Naichagua mimi.” Hakugeuka. Alihisi tu mgongoni, hatua kwa hatua, Jildou akirudi kuwa mzito, mpaka akafurahi kuchoka.

Vuli ilipofika Jildou alikuwa na mashavu. Hakuuliza tena habari za karata, na Geeske hakupokea simu za Wietske. Kambi ilikuwa imefungwa, mbuzi wameingizwa ndani. Uwanjani ilibaki karavani moja nyeupe. Geeske alikwenda na koti la baridi la Harmen, na neno moja alilokuwa akilijaribu mdomoni njia nzima, kwamba labda ingewezekana kuzungumza.

Dirisha lilifunguliwa kidogo. Mkono uliotoka kupokea koti ulikuwa mwembamba kama wa mzee. Nyuma yake mezani aliona vikombe viwili, kimoja kimekauka utando wa maziwa.

“Usiingie,” alisema Harmen.

“Sikuja kuingia.”

Harmen aligeuza sikio nyuma, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kunong'ona.

“Anauliza Jildou hajambo.”

Geeske alirudi nyuma hatua moja. Na karavani, polepole, mbao zikilia moja baada ya nyingine, ikainama upande wa dirisha, kama mtu mzito aliyesogea kusikiliza jibu.