Kipimo cha Hope, Kadi ya Felicitas

Felicitas Kamugisha alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, Kibamba, na kwa kuhimiza watu hakuwa na mpinzani. Mwezi mzima aliwahimiza wanawake wakapime saratani ya mlango wa kizazi. Alihimiza sokoni, alihimiza hata msibani. Yeye mwenyewe hakuwa amepima. Alikuwa anaogopa chuma cha kupimia.

Kisha akina mama wakakubaliana kila mmoja alete kadi yake ya kliniki kuonyesha kwamba amepima, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Felicitas akakosa raha. Ndipo akamgeukia Hope, dada wa mumewe, fundi cherehani waliyeishi naye nyumba moja. Akamwomba aende akapime kwa jina la Felicitas. Hope alikataa mara mbili. Mara ya tatu aliahidiwa kitenge kipya, akaenda. Aliporudi, Felicitas akamkataza kusimulia chochote.

Wiki mbili baadaye muuguzi Zuena alipiga simu. Kipimo kilikuwa kimeona kirusi, kwa hiyo Felicitas arudi kliniki. Felicitas aliketi juu ya ndoo, akajihurumia sana. Kisha akakumbuka kwamba kirusi si chake. Hope alikuwa uani anashona huku akiimba, hajui lolote.

Aibu ilimbana. Akinyamaza, heshima yake itabaki, lakini wifi yake anaweza kufa. Na alimpenda wifi yake. Akatoka uani.

"Wifi, majibu yangu ni mabaya," alisema. "Lakini ni yako."

Kesho yake walikwenda wote. Zuena akaita, "Felicitas Kamugisha." Wanawake wawili wakasimama.

Felicitas alieleza yote, hata kitenge hakukificha. Zuena alikasirika, na alikuwa na haki. Hope hakuwa anaumwa popote. Asingeambiwa, asingejua kamwe.

"Kwa hiyo nina kansa, sista?" Hope aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kipimo hiki hakisemi una kansa. Kinatafuta alama za kirusi kinachoitwa HPV. Wanawake wengi wanakipata, na mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe. Kikikaa miaka mingi ndipo kinaweza kuleta kansa. Sie tunakiwahi kabla."

Zuena akampaka Hope siki kwenye mlango wa kizazi, maana siki hugeuza nyeupe sehemu iliyoanza kuharibika, akaona doa jeupe dogo. Akalitibu siku ileile kwa kifaa cha joto, akampa tarehe ya kurudi baada ya mwaka.

Akabaki Felicitas. Aliuliza chuma chenyewe kina ukubwa gani. Zuena akampa kijiti chembamba chenye pamba mwishoni, akamwelekeza jinsi ya kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia. Felicitas aliingia akianza Baba Yetu. Alitoka kabla hajafika Amina.

"Ndiyo hii tu?"

"Nilitaka kukuambia, wifi," alisema Hope. "Ukanikataza."

Majibu ya Felicitas yalikuwa salama. Jumapili aliwasimulia akina mama ukweli wote, wakamcheka mpaka machozi yakawatoka. Kisha wale ambao hawakuwa wamepima wakaenda kupima, kila mmoja kwa jina lake.

Baada ya mwaka Hope alipimwa tena, na kirusi hakikuonekana. Siku ya kuchukua majibu alivaa kile kitenge. Felicitas alimsindikiza, akaketi kwenye benchi. Zuena akaita, "Hope Kamugisha." Mwanamke mmoja akasimama.