Konzi ya Unga Kati ya Mawe

Alama ya kidole gumba cha mke wa Mzee Mizani ilitoka doa tupu. Karani wa dalali akakikamata kidole cha yule mama, akakibana kwenye wino, akakigandamiza tena kwenye mkataba wa kuuza kinu. Doa lilelile, jeusi, bila mstari hata mmoja.

"Mama, umefua nguo za mji mzima?" karani akatania.

Wakacheka wote. Mzee Mizani naye alicheka, ingawa alimwona mkewe akikificha kile kidole ndani ya mtandio.

Jina la Mizani alipewa na wateja, maana mizani yake haikuwahi kumpunja mtu. Kinu kilikuwa cha babu yake: mawe mawili mapana, yaliyozungushwa na maji ya mto. Sasa wenye fedha walikitaka kile kiwanja cha ukingoni wajenge maghorofa. Aliwauzia kweupe, akawaonyesha paa linapovuja na mto unapofurikia. Na siku ya kuamkia mkataba huo na makabidhiano aliinua jiwe la juu kwa mnyororo, akamwita mkewe wafagie hadi ndani.

Mkewe alimkumbusha maneno ya marehemu baba mkwe: konzi moja ya unga hubaki kati ya mawe, haiguswi hata njaa ikiingia. Mzee akapandwa na hasira. Akasema hamkabidhi mtu uchafu wake, na kwamba hizo ni hadithi za wazee waliokuwa wavivu wa kufagia. Mama wa watu hakupenda ugomvi. Akaingiza mkono, akaikomba ile konzi kwa vidole vyake, akaitupa mtoni.

Jioni ya siku ya mkataba, wakiwa mezani, mzee aliisikia sauti: jiwe juu ya jiwe, polepole, chini ya sakafu ya chumba chao. Harufu nayo ikapanda, ile ya mawe yanayozunguka bila nafaka, kavu, ya kuungua. Walitazamana.

Kulipokucha, shuka la upande wa mkewe lilikuwa na vumbi jeupe. Mzee akalipekecha kati ya gumba na shahada, kama alivyoupima unga maisha yake yote. Chenga. Bado haujasagika.

Kisha kucha za yule mama zikaisha, na ncha za vidole zikafuata, bila damu, bila maumivu, zikipungua kama sabuni, na daktari akaandika dawa ya kupaka, na sauti ikawa haisubiri tena jioni, inasaga adhuhuri jua likiwa utosini, inasaga majirani wakiwa sebuleni wala hawaisikii, na kila mzee alipokung'uta shuka aliliona vumbi limezidi kuwa laini.

Akaletwa mganga, mwanamke mkavu wa maneno. Hakufukiza chochote. Alilala kifudifudi, akaweka sikio sakafuni, akakaa hivyo mpaka jasho likamtoka.

"Kati ya mawe uliacha nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sikuacha kitu. Niliacha safi."

"Safi." Mganga akafumba macho. "Baba, huyo anayesaga hakuwa adui yenu. Babu yako alimfunga pale asage, na konzi ile ndiyo posho yake. Mmemnyang'anya. Sasa anasaga, ameanza na mkono ulioichukua."

"Basi nimrudishie. Magunia, kama anataka."

"Hapokei ila kati ya mawe yake."

Mzee alikwenda mbio mtoni na mfuko wa unga kifuani. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa mabati, yamechorwa nyumba za vioo na watu wanaotabasamu. Mlinzi alimhurumia, akamwambia mawe yale yalishapondwa kokoto, yakachanganywa na zege, msingi umemwagwa. Mzee akapiga magoti kwenye zege, akamimina unga, akaomba radhi kwa jina la babu yake. Upepo wa mto ukaupeperusha wote.

Aliporudi, mganga alikuwa ameshaondoka. Ujira wake aliuacha kizingitini, haukuguswa.

Mkewe alikuwa kitandani, blanketi limelala karibu bapa.

"Baba," akanong'ona, "mbona umechelewa? Kaa hapa. Usiwashe taa."

Alikaa. Akataka kumwambia kosa ni langu, akaishia kumwekea blanketi vizuri. Akamshika pale palipokuwa mkono, akahisi kitu kinamiminika kati ya vidole vyake. Kwa mazoea, kabla hajajizuia, akakipekecha.

Laini. Laini kuliko unga wowote uliowahi kutoka kinuni.

Sauti ikanyamaza. Mzee akaita mara moja, hakuitikiwa. Akasogea dirishani penye mwanga, akageuza kiganja chake, akatazama gumba. Lilikuwa jororo, halina mstari hata mmoja.

Chini ya sakafu, upande wake wa kitanda, jiwe likaanza kuzunguka.