Mtihani Aliofeli Makusudi

Renetta hakwenda uwanjani kutafuta mwanamume. Alikwenda kula mbavu za kuchoma za shemeji yake, basi. Lakini Cleveland Jumapili ya mechi, mashabiki huchoma nyama nje ya uwanja, maegesho yote ni moshi na majiko, ukigeuka tu umemkanyaga mtu. Aligeuka na sahani yake, mchuzi wote ukaishia kwenye koti jeupe la Lavelle Pruitt.

"Afadhali," akasema alipoona ni nani. "Ningejua ni wewe ningekuja na sufuria."

Lavelle alicheza futiboli ya Kimarekani miaka tisa, beki wa pembeni, kazi yake kumganda mpokeaji ili mpira usimfikie. Sasa amestaafu, na leo wakati wa mapumziko angesimamishwa katikati ya uwanja apigiwe makofi. Mwezi wa tatu alitakiwa asimame mahakamani afunge ndoa na Renetta. Hakutokea! Bibi harusi wa watu alikaa kwenye benchi saa nne nzima, gauni la krimu, maua mkononi, askari wa mlangoni wakimwonea huruma. Mimi, kwa kumwona tu leo, ningemzaba kibao.

"Nilikupigia mara kumi na nne, Lavelle! Ni nani huyo? Mtaje!"

"Hakuna mwanamke, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Mpenzi wako yuko huko ulikolala."

"Nilipotea njia, Netta."

"Ya mahakamani? Wewe uliyezaliwa mji huu?"

"Nilipotea. Nilijikuta kando ya ziwa, sijui nimefikaje. Nikaona aibu. Bora unichukie kuliko unihurumie."

Renetta hasira ikampanda upya, kali kuliko ya kwanza. "Umemwona daktari? Anasemaje?"

"Anasema niko sawa." Lavelle akacheka kicheko kibaya. "Kila mwaka kabla ya msimu klabu ilitupa mtihani wa kupima kichwa: kumbuka maneno haya, panga picha hizi. Wakongwe wakatufundisha kuufeli makusudi. Ukigongwa kichwa baadaye ukapimwa tena, waone hujapungua, wakurudishe uwanjani. Miaka tisa nimejifanya mjinga. Sasa daktari analinganisha na karatasi zile, ananiambia sijapoteza kitu."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie nilidanganya? Nani atanipigia makofi tena?"

"Makofi!" Watu wakageuka na sahani zao. "Kichwa kinakuishia, wewe unawaza makofi! Mpumbavu we! Miezi minane najitazama kwenye kioo nikijiuliza nina kasoro gani!"

Simu ya Lavelle ikalia. Watu wa klabu, wanamtaka ndani. Renetta akainyakua.

"Pruitt haji leo. Mimi? Mchumba wake, na nimekasirika, kwa hiyo usinibishie." Akakata.

"Netta, jamani..."

"Kesho saa tatu asubuhi tunakwenda kwa daktari, unamwambia yote mbele yangu. Tukitoka hapo, mahakamani. Usipomwambia, ndoa usahau."

"Kumbe umenisamehe?"

"Sijakusamehe hata chembe. Nipe funguo za gari."

Gari lile Lavelle hakuwahi kumwachia mtu, hata mama yake mzazi. Alimtazama Renetta machoni, akaona hatanii. Akatoa funguo, akamwekea kiganjani, akaenda mwenyewe kukaa kiti cha abiria.