Mlango wa Upande wa Barabara

Mvua ya mawe ilipokatika, saa tisa alasiri, Damaris alisikia mtu akisaga wimbi ndani ya nyumba yake. Jiwe juu ya jiwe, polepole. Nyumba hiyo haikuwa na jiwe la kusagia; wimbi lao husagwa kwa mashine sokoni. Alisikiliza hadi sauti ikakoma, akaendelea kumenya ndizi. Baadaye aliona damu kwenye maganda. Kisu kilikuwa kimemkata kidole naye hakuhisi.

Mumewe, Mokua, mwalimu mstaafu wa jiografia, hakuwa na muda na mambo ya sauti. Shule ya msingi ilimwomba aandike kitabu kidogo kuhusu kijiji chao, Riogeto, na mwezi mzima alikizunguka akiwa na buti za mpira na daftari. Aliandika kwamba Riogeto ni mgongo mmoja wa kilima: chai juu, migomba katikati, kijito chini. Kwamba mzee Ogeto alipanda kutoka kijitoni na ng'ombe wanne, ndiyo maana nyumba za zamani zote zilitazama maji. Kwamba lami ilipofika juu, miaka minne iliyopita, watu walianza kugeuza nyumba zao. Hapo alijitaja kwa fahari, maana ndiye aliyetangulia. Aliziba mlango wa kijitoni, akafungua mwingine upande wa barabara, akang'oa na ua wa zamani ili magari yapate pa kugeukia. Gari lenyewe hakuwa nalo.

Sauti ikawa inarudi kila alasiri. Ikaja na harufu ya majivu mabichi na mafuta ya mbarika, ambayo wanawake walijipaka zamani. Siku moja Damaris alirudi kutoka kuchuma majani chai akamkuta Mokua ameshiba.

"Nani amekupikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Si ni wewe ulinipakulia, Mama Ratemo? Ugali wa wimbi."

"Baba Ratemo, mimi nimetoka shamba saa hii."

Walitazamana, kisha wote wawili wakatazama sufuria. Damaris aliigusa, na mvuke ulikuwa bado unapanda, lakini mkono wake haukusikia moto wala baridi, na hofu aliyoingoja imshike haikumshika, akabaki amesimama pale akiutazama mkono huo hadi Mokua alipoutoa mwenyewe kwenye sufuria.

Kesho yake Mokua alikwenda kupima mipaka na Onchiri, mzee kuliko wote kijijini. Walipofika kwenye uwanja wa Mokua, mzee alisimama.

"Mwalimu, hapa unapokanyaga alilala shangazi yako, Nyangate, dada ya baba yako. Alikufa hajaolewa, wewe ungali mgongoni. Tulimweka nje ya ua, vile desturi inataka."

Mokua alichora nukta kwenye ramani, kisha kalamu ikamgandia mkononi. Kwao hata mtoto anajua: ukitoka mlangoni, mume huzikwa kulia na mke kushoto. Mlango ulipotazama kijito, Nyangate alikuwa kulia, nje ya ua. Mokua aliugeuza mlango, kulia kukawa kushoto. Aling'oa ua, nje kukawa ndani. Mwalimu wa jiografia, na hakuliona hilo.

"Umempa pahali pa mke," Onchiri alinong'ona. "Na pahali pa mke ni pa mtu mmoja tu."

Kikongwe Bonareri, aliyejua mambo ya watu wa kale, hakushangaa. Mokua, mzee wa kanisa la Sabato, aliingia kwake kwa kupitia migombani asionekane.

"Fungua mlango wa zamani," Bonareri alimwambia. "Huu mpya uzibe kwa mawe. Lakini siku hiyo bibi yako awe ndani, tena umwone kwa macho. Ule atakuwa ndani ukiziba, ndiye atabaki mwenye nyumba. Umesikia?"

"Nimesikia, magokoro," Mokua alijibu, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

Alimweleza Damaris yote. Ganzi ilikuwa imempanda hadi mabegani. "Mkifunga, mkifungua, sawa tu," alisema. Mokua alimpenda mwanamke huyu kwa miaka thelathini na mbili, na jibu hilo lilimtia uchungu kuliko zile sauti zote.

Okemwa, fundi, alikuja Ijumaa. Mlango wa kijitoni ulifunguliwa kabla ya adhuhuri, lakini mvua ikachelewesha ule mwingine, na jua likaanza kuteremka. Likizama, Sabato ingekuwa imeingia, na mzee wa kanisa hawezi kuonekana amesimamia mwashi siku ya Bwana.

"Tuharakishe, mwalimu," Okemwa alisema, mwiko mkononi.

Mokua aliinamisha kichwa kuelekea ndani. Jikoni vyombo viligongana.

"Mama Ratemo, uko ndani?"

"Niko."

Hakwenda kutazama. Jiwe la mwisho liliingia jua likigusa kilima, na Okemwa akashika njia yake.

Mokua alizunguka, akaingia kwa mlango wa zamani. Nyumba ilikuwa kimya, na moyo wake ukatua kwa mara ya kwanza tangu mvua ile ya mawe. Alishika mkono wa mwanamke aliyekuwa jikoni, akataka kucheka kwa furaha. Mkono ulikuwa na joto, uking'aa mafuta ya mbarika.

"Keti ule," mwanamke alisema bila kugeuka, "mwana wa kaka yangu."

Upande wa barabara, nyuma ya mawe mabichi, kikapu cha majani chai kilishushwa chini.

"Baba Ratemo," sauti ya Damaris iliita, bila hasira, bila haraka. "Nimezunguka nyumba mara tatu. Mlango uko wapi?"

Mokua alifungua kinywa amwelekeze. Aliyejua kila njia ya Riogeto hakukumbuka mlango ulitazama wapi. Aliketi, akamega ugali uliokuwa ukifuka mvuke, na vidole vyake havikuhisi kitu.