Aliyeambiwa Angoje Kwenye Waya

"Rupia sita! Nusu ya mshahara wangu, Abdulatifu! Unanikata kwa kosa gani?"

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi," karani mkuu alijibu, macho kayatuliza kwenye kucha zake. "Jana adhuhuri Bwana Mkubwa kajinyoosha kitandani, mara kengele ya nyumbani kwake ikalia. Kainua simu, hakuna mtu. Maji tu, yanatiririka. Kauliza ni nani, akachekwa. Nani aliyemwunganisha? Si wewe?"

"Niliitwa, nikaombwa Bwana Mkubwa, nikaunganisha. Kibao cha nne kilianguka."

Abdulatifu akacheka mpaka akakohoa. "Cha nne! Cha Mtama! Nguzo za Mtama zimelazwa zote na watu wa maji. Askari wameuona waya umelala majanini. Anayepiga simu kutoka huko nani, tumbili?"

"Muulize huyo mpwa wako unayetaka akikalie kiti changu."

"Rupia sita," Abdulatifu alisema, akaenda zake.

Mwaka ule vita vya Maji Maji vilikuwa vimewasha bara yote nyuma ya Lindi, na mjini kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Maftaha hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa mkali kama pilipili, hajasoma shule ya mtu, na meza ile ya simu katika nyumba ya biashara ya Wadachi alijifundisha mwenyewe. Mzungu aliyeifunga alimwonyesha mara moja tu, homa ikamchukua.

Meza ilikuwa na vibao vitano vya shaba: boma, forodha, ghala, duka la kampuni huko Mtama, na nyumba ya Bwana Mkubwa. Mtu akizungusha mkono wa simu kokote aliko, kibao chake kinaanguka: tak! Hapo Maftaha huchomeka kizibo kwenye tundu lake, huitika "Naam!", huuliza anatakiwa nani, kisha huchomeka kizibo cha pili kwa anayetakiwa na kumpigia kengele. Anayetakiwa akiwa na maneno na mwingine, Maftaha humwambia mwitaji angoje, husimamisha kijiti kidogo mbele ya kizibo, na mtu yule hubaki kwenye waya, hasemi na mtu wala hajaondoka. Sharti la kazi lilikuwa moja: kibao kikianguka, itika papo hapo.

Siku ile, kwa hasira ya rupia zake, aliamua kumnasa Abdulatifu na ujanja wake. Akafungua ubao wa nyuma ya meza, akaufungua waya wa nne, akautoa nje na kuulaza mezani mbele ya macho yake. Ncha yake ilikuwa tupu, haikugusa kitu. "Haya sasa," alijisemea, "nicheze tuone."

Jua lilisimama utosini. Abdulatifu alikwenda msikitini, wachukuzi wakalala kivulini, mji ukanyamaza kama uliozibwa mdomo.

Tak.

Kibao cha nne.

Maftaha aliutazama waya. Ulikuwa pale pale, umelala. Kwenye chombo cha sikioni ilitoka harufu ya udongo uliolowa, kama kaburi lililochimbwa masika. Mkono wake, uliozoea kazi kuliko akili yake, ulichomeka kizibo.

"Naam!"

"Kaka Maftaha."

Ilikuwa sauti ya Tawakali, mdogo wake, mwenye kulinda duka la Mtama, ambaye tangu vita vianze hakuna aliyejua kama yu hai.

"Tawakali! Uko wapi, mdogo wangu?"

"Kwenye maji. Niunganishe nyumbani kwa mama."

"Kwa mama kuna simu? Umepigwa kichwani nini?"

"Wewe niunganishe tu."

Kibao cha boma nacho kikaanguka, na boma halingojeshwi. "Ngoja hapo hapo kwenye waya," Maftaha alisema mbio mbio. "Nitakufikisha nyumbani, wallahi." Akasimamisha kijiti. Alipomaliza na boma akarudi, kijiti hakikushuka. Alikisukuma kwa dole gumba, kisha kwa viganja viwili, na ndani ya chombo yalisikika maji tu, na katikati ya maji pumzi ya mtu asiye na haraka.

Kesho yake, saa ile ile ya sala, alimwingiza mama yake kwa mlango wa ghala. Bi Mastura alikuwa ametembea kutoka Mitwero na furaha yake yote usoni. Akakiweka chombo sikioni, akaita, "Tawakali, mwanangu." Akasikiliza. Akaita tena. Maftaha aliiona furaha ikimtoka kidogo kidogo.

"Huyu si mwanangu," alinong'ona.

"Mama, sauti yake hiyo!"

"Sauti ni yake. Nimengoja shikamoo, hajanipa. Tawakali hata akiwa na homa ya kuweweseka hunipa shikamoo. Kitu hiki hakikubali kuishika miguu ya binadamu." Akakishusha chombo mbali na mwili wake. "Ulipoitwa mara ya kwanza, uliitika?"

"Ndiyo kazi, mama."

"Nilikufundisha nini? Ukiitwa na usiyemwona, huitiki mpaka uitwe mara tatu! Na ulikiambia nini?"

Maftaha aliinamisha kichwa. "Kingoje. Nitakifikisha nyumbani."

"Kwa kiapo?"

"Nilisema wallahi."

Jioni wapagazi walimleta Tawakali mwenyewe nyumbani kwa mama, Mitwero, kwenye machela, mguu umefungwa matambara, hai. Shikamoo ilimtoka kabla machela haijagusa chini, na mama akalia. Lakini alipoulizwa habari ya simu, Tawakali alishangaa. "Simu gani, kaka? Duka liliteketea siku ya kwanza ya vita na simu yake ndani. Mimi nilikuwa porini nakula mizizi."

Wakamwendea Bi Samia, mganga wa pale pale Mitwero. Alisikiliza huku akitia ubani kwenye chetezo.

"Kwa Bwana Mkubwa kilibisha tu," alisema. "Kwako kimekaribishwa. Kikiingia nyumba ya mama yako hakitoki, na mgonjwa aliyelala humo ndiye kitakayeanza naye. Kesho nitakuwa nyuma yako. Kitaita. Mara ya kwanza nyamaza. Ya pili nyamaza. Ya tatu sema, 'Mwenye nyumba hayupo,' kisha ung'oe kizibo. Usigombane nacho. Na usikiulize kinadai nini, maana mpaka kiulizwe hakina pa kusimama; ukikiuliza, kitakachotaja umekipa."

"Mimi na kunyamaza hatujuani, Bi Samia."

"Basi mjuane kesho, baba, au mdogo wako umzike."

Adhuhuri ikafika. Bi Samia alichuchumaa nyuma ya kiti, chetezo kinafuka. Tak. Maftaha akauma meno. "Kaka," sauti iliita, safari hii bila yeye kukigusa chombo. Akanyamaza. Tak. "Kaka, miguu inaniganda." Akanyamaza, na jasho likamtiririka mpaka kwenye magoti, na harufu ya udongo ikaufunika ubani, na vibao vyote vitano vikaanza kuanguka na kuinuka na kuanguka, boma na forodha na ghala na nyumba ya Bwana, kama vidole vya mtu anayegonga meza akingoja kuhudumiwa, na ule waya uliolazwa mezani bila kuunganishwa na chochote ukaanza kutoa maji nchani, tone baada ya tone, yakilowesha mapaja yake, mpaka ikaja ile tak ya tatu na kinywa chake kikafunguka kusema neno alilofundishwa.

"Mwenye..."

"Mwongo," ilisema sauti. Haikuwa tena ya Tawakali. Ilikuwa ya Abdulatifu, na kicheko chake na kikohozi chake. "Maftaha mwana wa Mastura, mwongo. Unaapa kwa Mungu halafu unajificha nyuma ya kanga ya kikongwe."

"Sema hilo neno!" Bi Samia alinong'ona. "Sema, mwanangu!"

Lakini hakuna mtu, Mdachi wala Mswahili, aliyewahi kumwita Maftaha mwongo akabaki na meno yake. Damu ilimpanda, akasimama, akakishika chombo kwa mikono miwili kama anayekaba shingo.

"Mimi si mwongo! Mimi sidhulumu mtu! Unanidai nini?"

Maji yalinyamaza. Kijiti kilichogoma tangu juzi kilishuka chenyewe, taratibu. Bi Samia alikuwa amejifunika uso.

"Nyumba ya mama yako," ilisema sauti. "Nimengoja. Nipe."