Kitabu cha Hema na Kitindamimba Aliyekiuza

Sogeeni karibu, jirani zangu, wenye watoto shuleni na wenye simu mkononi, maana haya yanawahusu nyote. Nitawasimulia habari za nyumba moja ya hapa hapa bondeni, Naryn, kwetu Wakirgizi, nyumba ambayo nyote mmeshakunywa chai ndani yake.

Asubuhi hiyo mifugo ilikuwa imekwisha kushuka kutoka malisho ya juu, na vilele vimeanza kuvaa theluji. Taalai alikuwa ameegemea mto wake, ametulia tuli. Mkewe Nazik alikuwa akikaanga borsok, vile vimaandazi vyetu vidogo, na binti yao Aiperi alikuwa amelala kifudifudi juu ya zulia, akisoma kitabu cha bibi yake kwenye kishikwambi cha shule.

"Baba, kwa nini moshi wa ndani ya hema unatokea juu na hautokei mlangoni?"

"Endelea kusoma, utajua."

"Nimeshajua. Nilikuwa nakupima wewe."

Nazik akacheka mpaka mafuta yakamrukia. "Amekupata! Mtoto wa mwalimu mzima hujui moshi unapita wapi!"

Basi hiyo ndiyo amani iliyokuwemo. Kitabu chenyewe kiliitwa Sayansi ya Hema Letu, na aliyekiandika ni Mama Burul, mama yake Taalai, aliyefundisha fizikia kwetu hadi alipostaafu. Alichoka kuwafundisha watoto wa wafugaji kwa mifano ya lifti na treni ambazo hawajaziona. Akachukua hema la sufu, lile lile wanalolala humo kiangazi kizima, akawaonyesha kwamba ulimwengu mzima umo ndani. Kwa nini sufu inazuia baridi. Kwa nini nguzo nyembamba zinabeba paa zito. Kwa nini jua linapopenya kwenye tunduk, lile duara la mbao la juu paani, mwanga wake unatembea ukutani kama saa. "Shangaeni kwanza," alikuwa akiwaambia, "kuuliza kutafuata kwenyewe." Na watoto walishangaa kweli, hata wazazi wao.

Hakukiandika peke yake. Watu walikusanyika kama tunavyokusanyika kusimamisha hema la maharusi, kila mmoja na mkono wake, bila malipo. Jirani yake Saltanat, fundi wa mazulia ya sufu, ndiye aliyechora picha zote. Wachungaji walipima, wanawake walieleza, vijana wakapiga picha, kazi ya miaka mingi. Kilipokamilika, wote walikaa pamoja wakakubaliana kukiweka kwenye maktaba ya bure ya mtandaoni, pamoja na ukurasa wa ruhusa: yeyote akisome, akinakili, akitafsiri, hata akiongeze, ila majina ya waliokitengeneza yabaki, na asitokee mtu wa kukifungia. Siku hiyo alichinjwa kondoo. Taalai alikula nyama, lakini ukurasa wa ruhusa hakuusoma.

Sasa, asubuhi hiyo ya borsok, nje ikalia honi.

Aliyeshuka garini alikuwa bwana mmoja nadhifu kutoka Bishkek, mji mkuu, jina lake Emil, wa kampuni ya kuchapisha vitabu. Alimuulizia Mama Burul. Taalai akamwambia yuko mjini Osh kwa dada yake, anatibiwa macho, akamkaribisha mahali pa heshima, mkabala na mlango.

"Kitabu cha mama yenu kinasomwa sana," alisema Emil. "Lakini kimekaa bure tu mtandaoni, kama hakina mwenyewe. Sisi tunamtafuta mwenyewe. Tukichapishe vizuri, kwa rangi, kiuzwe madukani."

"Mwenyewe?" Taalai akakohoa kidogo. "Mwenyewe ni mimi."

Nazik aligeuka jikoni, mwiko mkononi. "Wewe?"

"Mimi si kitindamimba?"

Ndugu zangu, kosa hili angeweza kulifanya mtu wa kwetu tu. Mnajua desturi: mtoto wa mwisho habanduki, hubaki na wazazi, na nyumba humwangukia yeye pamoja na jiko, mazulia na masufuria. Taalai akakihesabu na kitabu humo humo, kati ya birika na zulia. Na mama akiwa hai, anapumua!

Nazik hakutaka kumgombeza mumewe mbele ya mgeni. Akaja na birika. Kwetu chai hutiwa nusu bakuli, ili mgeni aongezwe tena na tena, akae. Nazik alilijaza bakuli la Emil mpaka ukingoni, ndiyo namna yetu ya kumwambia mtu ainuke aende zake. Bwana wa mjini akashukuru sana, akanywa yote, akasema hajawahi kuona ukarimu wa namna ile.

"Subiri mama arudi," Nazik alimnong'oneza mumewe.

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Nyumba, sawa. Hicho kitabu umekiona kimetundikwa ukutani humu?"

Taalai alikuwa amekwisha kuliangalia lile gari nje. Alikuwa akitaka gari tangu siku nyingi, amechoka kuomba lifti kwa watu. Akatia sahihi kwamba yeye ndiye mwenye haki zote, kwamba mama yake amempa, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kukitoa bure. Uongo mtupu.

Theluji ya kwanza haijashuka bondeni, gari la malipo yake likafika. Na kampuni, ikiwa na mkataba wake, ikaipelekea maktaba madai: kitabu hiki ni chetu, mmekiweka bila haki. Maktaba kama hizo zina kanuni. Dai la hakimiliki likija, kitabu hufichwa kwanza, kisha watu ndio wathibitishe. Wakakificha.

Siku hiyo Aiperi alirudi kutoka shule hakumsalimu baba yake. Akaweka kishikwambi juu ya meza, akakisukuma mbele yake. Palipokuwa na picha ya hema palikuwa peupe, na katikati maandishi: kitabu hiki kimeondolewa kwa madai ya mwenye haki, Taalai, mwana wa Kadyr.

"Jina lako liko kwenye vishikwambi vyote, baba. Mwalimu alituambia tufungue ukurasa wa moshi, darasa zima likakusoma wewe."

Taalai alijaribu kucheka. "Si watanunua kile cha dukani? Kina rangi."

"Nani atanunua? Wewe?"

Siku zile barabara ya juu ilikuwa imefungwa na barafu. Shule za huko zilikuwa zikitegemea hicho hicho cha bure, kwani lori la vitabu haliwafikii hadi barafu iyeyuke. Wakakaa bila kitabu. Na nakala za kampuni zilipoanza kuonekana, Saltanat alikuja na moja, akasimama mlangoni, akakataa kuingia. Mwanamke huyu ndiye aliyewahi kumbeba Taalai mgongoni.

"Nionyeshe jina langu," alisema.

Taalai akafungua, akapekua, akapekua tena. Picha zote zilikuwa za Saltanat. Jina lake halikuwamo, wala la mtu mwingine wa bondeni.

"Hizi nakshi za pembe za kondoo kwenye picha ya zulia nilizichora macho yakiniuma, Taalai. Sikudai hata tyiyn moja. Nilitaka tu mjukuu wangu aone jina langu aseme, huyu ni bibi. Hilo nalo limekushinda kuniachia?"

Akaondoka. Tangu siku hiyo Taalai akawa anapita na gari lake jipya, watu wanageukia ukutani. Hata mimi niligeuka, sifichi.

Mama Burul alirudi, jicho moja bado limefungwa bendeji. Alikuwa ameshasikia, maana habari kama hizo hazingoji basi. Taalai alijiandaa kwa makelele. Mama akakaa, akavua kofia, akamuuliza kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kofi:

"Lile hema la harusi yako, nani alilisimamisha?"

"Kijiji kizima, mama."

"Ulishaliuza?"

Taalai akaziweka funguo za gari mezani.

"Kitabu hukukirithi, mwanangu, kwa sababu hata mimi hakikuwa changu peke yangu. Na tulichokigawa hakirudi sandukuni. Hata mimi ningetaka kukifunga leo, nisingeweza. Tuliahidi."

Hapo Taalai alilia, mwanaume mzima, na Nazik akampa kitambaa cha jikoni. Kisha Taalai akaiandikia maktaba kwamba alidanganya. Lakini kampuni ikashikilia mkataba: mwana anasema hivi leo, jana alisema vile, na mama ametamka baada ya mambo kuharibika. Maktaba ikajibu kwa adabu kwamba nakala yake yenyewe ndiyo inayobishaniwa, kwa hiyo inahitaji nakala ya zamani, iliyofika mikononi mwa watu kabla ya mkataba, yenye ukurasa wa ruhusa. Kompyuta ya shule iliyotumika zamani ilikuwa imetupwa. Tukatafuta bondeni kote, hakuna, maana sisi tulikuwa tukikisomea huko huko kwenye maktaba.

"Andika," Nazik alimwambia mumewe. "Uliza ulimwengu. Na anza kwa kusema kosa ni la nani."

Akaandika mtandaoni, kwa Kikirgizi na Kirusi, maneno machache. Mimi ni mtoto wa mwalimu Burul. Nimekosa. Nimesababisha kitabu cha mama na cha majirani zangu kifungwe. Aliye na nakala ya zamani, popote alipo, atusaidie.

Jamani, yaliyofuata bado yananisisimua mwili nikiyakumbuka.

Nakala ya kwanza ilitoka kwa Wakirgizi wenzetu wa Murghab, ng'ambo ya mipaka. Ikaja nyingine kutoka Mongolia, hema likiwa na mlango wa mbao kama wao wanavyolijenga. Ikaja ya kutoka milima ya Dolpo, Nepali. Tulikusanyika shuleni, Saltanat naye akiwamo, tukazitazama kwenye ukuta mweupe moja baada ya nyingine, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani kula. Maandishi yalibadilika, kila nchi kwa lugha yake, yakawa ya kusimama, yakawa ya kuning'inia, lakini pembe za kondoo za Saltanat zilikuwa palepale kila ukurasa. Saltanat alijishika mdomo. "Zimefika huko kote," alisema, "na mimi sijawahi kuvuka Bishkek!"

Mwisho akatupigia mwalimu mmoja wa kike wa Ladakh, India, anaitwa Stanzin, uso wake ukajaa ukutani. Kirusi alikuwa amejifunza chuoni, tukaelewana. Wafugaji wa kwao, alisema, hawana hema la sufu nyeupe, wana hema jeusi la manyoya ya yaki, wale ng'ombe wa milimani wenye nywele ndefu, kwa hiyo waliongeza sura nzima. Hema lile lina matundumatundu, ukiwa ndani unaziona nyota. Mvua ikinyesha manyoya yanavimba, matundu yanaziba, maji hayapiti. Likikauka linafunguka tena, moshi unatoka.

Mama Burul alisimama. "Linajifunga lenyewe?"

"Lenyewe, mwalimu."

"Mungu wangu! Maisha yangu yote nafundisha, sikulijua hili!" Akaligusa lile hema jeusi ukutani kwa vidole, kama mtoto. Alikigawa kitabu, na sasa kinarudi kumfundisha.

"Na majina?" Taalai aliuliza kwa sauti ndogo kutoka nyuma. "Majina mliyaacha?"

"Ruhusa ilitaka hivyo. Hatukutoa hata moja. Yako kwa maandishi yetu, niwasomee?"

Akasoma taratibu, kwa lafudhi ya kwao. Akamtaja Burul, akamtaja Saltanat, naye Saltanat akaitika "naam" kana kwamba ameitwa mlangoni. Akawataja wachungaji, wengine wameshafariki. Kisha akasema: "Sura ya moshi. Kadyr, aliyesimama katikati ya hema akabeba. Na mwanawe Taalai, aliyekaa mabegani mwa baba yake, akashika kipimajoto kwenye tunduk."

Chumba kizima kikamtazama Taalai. Alikuwa amesahau. Alikumbuka mchezo tu, yuko juu mabegani, moshi unamwasha macho, baba yake chini anacheka na kumuuliza, "Joto limefika ngapi, mkubwa?" Baba yake alifariki mwaka uliofuata. Na miaka yote hiyo, katika milima asiyoijua, watoto asiowajua wamekuwa wakisoma jina lake kando ya jina la baba yake, amewekwa humo bure, kwa shukrani.

"Dada," alimwambia Stanzin, "hebu rudia hapo."

Akarudia.

Nakala zile zilipelekwa maktaba, kitabu kikafunguliwa, kampuni ikaondoa madai. Taalai alirudisha gari, na mpaka leo anaomba lifti. Nyumbani siku ile Mama Burul alishika birika mwenyewe, akammiminia mwanawe chai. Taalai alitazama bakuli likijaa, pumzi ameibana. Mama akaishia nusu, akampa.

Mafunzo

Jirani zangu, kilicho wazi si kilichotupwa. Kitabu cha bure kina wenyewe: waliokitolea jasho, na sisi sote tuliopewa. Anayekifungia anawanyang'anya wote kwa pamoja, hata watoto ambao hatawaona.

Kabla hujatia sahihi, uliza kama kitu ni chako kweli. Kurithi nyumba si kurithi kazi ya watu. Na wewe unayependa kupakia vitabu mtandaoni ili kusaidia, nawe uliza, maana kugawa cha mtu bila ruhusa yake ni kosa lile lile, limegeuzwa tu upande. Ukipewa ruhusa, soma masharti mpaka mwisho.

Na majina usiyafute. Huenda la kwako limo, na hujafika ukurasa huo.