Visiwa vya Chagos na Kitanda cha Ivy

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani. Taa ya jikoni ilikuwa imeungua, na Celestine alipika chai kwa kupapasa. Huku akikoroga, alibishana na mumewe Norman aliyekuwa sebuleni.

Waliishi Malaz, Riyadh. Celestine ni muuguzi. Norman ni dereva, na bosi wake alikuwa amemhamishia Jeddah. Sasa binti yao Ivy, mwenye miaka minane, akae na nani?

“Akae na mimi hapa, shule zikifungwa aje kwako,” alisema Celestine, akileta chai.

“Sawa. Na Idi pia ni yangu.”

“Idi? Wewe Mkristo, Idi ya nini?”

“Si ndiyo siku bosi ananipa ofu!”

Hashim, jirani yao kutoka Zanzibar, alicheka. Yeye ni mfasiri, na alikuwa amekuja kutazama habari.

“Shemeji zangu, mnajadiliana kama Uingereza na Morisi.”

“Hao wanagombania nini?” aliuliza Norman.

“Visiwa vya Chagos. Uingereza ilivitenga na Morisi mwaka 1965, kabla Morisi haijapata uhuru. Wenyeji wakahamishwa, ikajengwa kambi ya jeshi la Marekani. Baada ya miaka mingi, serikali hizo mbili zikakaa mezani. Mwaka 2025 zikatia sahihi mkataba: visiwa virudi kwa Morisi, kambi ibaki kwa kukodishwa. Tangu hapo mkataba wenyewe umezua mvutano.”

“Lakini walikubaliana. Si vizuri?”

“Kuzungumza ni bora kuliko kupigana, bwana. Ila wenyeji wengi walilalamika: mnajadili kwetu, mbona sisi hamkutuuliza?”

Celestine akaweka kikombe chini.

“Ivy!” aliita. “Njoo ukae hapa katikati yetu. Wewe unataka nini?”

Ivy aliwatazama kwa zamu, akidhani wanamtania.

“Tukae wote pamoja. Mama, kwani Jeddah hakuna wagonjwa?”

Norman alicheka mpaka akamwaga chai. “Wee! Huyu ni balozi!”

Celestine hakucheka. Aliipenda wodi yake. Lakini wiki ile aliomba nafasi katika tawi la Jeddah la hospitali yake, akaipata.

Muhula ulipoisha walihamia Al-Nuzha, Jeddah. Norman alikibeba kitanda cha Ivy hadi kona ya ndani, akasimama ghafla.

“Ala! Sijauliza. Mheshimiwa balozi, kitanda kikae wapi?”

Ivy akaonyesha kwa kidole.

“Kikae dirishani, baba, nikuone ukirudi.”